Kata Kadi, Uhame

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye ni mimi; mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya mgeni tuliyemwalika kupata udhuru pia ni mimi; waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma wawakilishi; masheikh, mapadri na wachungaji; wazee wetu wa Handeni na Korogwe, shikamooni (Marahaba!), akina mama wa Kwamndolwa mliokuja kwa miguu, ndugu zetu wa Mazingara mliokuja kwa lori, na ninyi wa Lutindi mlioteremka mlima tangu alfajiri na ambao nimearifiwa kuwa chai yenu imeishia kwa waheshimiwa waliowatangulia, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa nimemruka, ajue nimemzingatia moyoni. (Makofi.)

Mimi, Dokta wa Heshima Yordani Habakuki, Mratibu Mkuu wa Kanda Ndogo ya Uhamasishaji wa Soko Huria la Bima za Afya, nimesimama hapa kuzindua mradi ambao wataalamu wanauita potabiliti, yaani uwezo wa kastama, ambaye ni wewe mama na wewe mzee, kuikimbia bima isiyomridhisha na kuhamia nyingine wakati wowote apendao, isipokuwa nje ya dirisha la kuhama, ambalo hufunguliwa mara moja kwa mwaka na ambalo mwaka huu lilifunguliwa na kufungwa wakati tukiandaa tangazo lake. (Minong'ono.) Msinung'unike. Dirisha ni dirisha, lingekuwa wazi siku zote lingeitwa mlango.

Wapo wapotoshaji wanaopita mitaani wakiuliza, hivi kweli mtu wa kawaida anaweza kuhama bima? Jibu tunalo, na ni la kitafiti. Ofisi yangu, kwa fasilitesheni ya stekiholda mbalimbali na ziara yangu ya mafunzo ya wiki tatu ng'ambo, ambako nilijionea kwa macho yangu watu wakihama bima huku wakinywa kahawa, imebaini kuwa asilimia tisini na saba ya wanachama wa bima katika wilaya zetu wameridhika kabisa, na hao watatu waliobaki katika kila mia hatukuweza kuwahoji kwa sababu walikuwa wamelazwa. (Kicheko.) Sijui mnacheka nini, hii ni takwimu.

Wengine wanasema zahanati ya kijijini kwao inapokea kadi ya kampuni moja tu, sasa wahame waende wapi. Hapo ndipo mnapokosa kuelewa maana ya uhuru. Mwananchi ana uhuru kamili wa kuhama kampuni, na ikiwa zahanati yake haiipokei kampuni aliyohamia, bado ana uhuru wa kuhama kijiji. Hakuna atakayemzuia. Nani kati yenu aliwahi kuzuiwa kuhama kijiji? Mnaona!

Niseme kwa lugha mnayoielewa, maana wengi wenu ni watu wa mnada. Mnadani hakuna anayekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi humfungua mbuzi mdomo akatazama meno, humpapasa tumbo, akiona anakohoa humwacha hapo hapo akaenda kwa mwingine. Basi soko huria la bima ni hivyo hivyo. Kampuni zitakuja kwenu, zitawafungua midomo, zitawapapasa matumbo, zitauliza una sukari, una presha, mara ya mwisho ulilazwa lini, na atakayeonekana anakohoa... (Sauti ya mzee: "Ehee! Kumbe mbuzi ni sisi?" Kicheko kirefu.) Mzee Awadhi, naomba heshima, maswali yatakuja mwisho. Nilichotaka kusema ni kwamba soko lina macho.

Na macho hayo leo mnayo mbele yenu. Tazameni kulia kwangu, meza tatu, vitambaa vitatu, kampuni tatu zikiwashindania ninyi! Lini Korogwe hii mtu alishindaniwa akiwa mgonjwa? (Makofi na vigelegele.)

Naona kuna mama amesimama. Mkae, mwacheni aseme, mimi ni kiongozi msikivu. (Mwanamke: "Shikamoo mheshimiwa. Mimi naitwa Mwanaisha, natoka Mazingara. Huu ujauzito ni mwezi wa nane, na wawili waliotangulia nilipasuliwa. Kadi yangu hii wanaipokea hospitali ya mjini, kitanda na daktari napata, ila dawa na nyuzi natakiwa ninunue mwenyewe, na mwaka huu mahindi yametuangusha. Nasikia kampuni ya meza ya pili wanalipa kila kitu. Nikihama leo, watanipokea?")

Swali zuri sana, mama, na jibu lake ni fahari ya mradi. Mwanachama mpya mjamzito husubiri miezi tisa kabla ya huduma ya uzazi, na mimba nayo ni miezi tisa, kwa hiyo mtaona jinsi wataalamu wetu walivyooanisha mambo. Mama Mwanaisha alitakiwa tu aje kwetu kwanza, ndipo aende kwa mume wake. (Kicheko. Mwanamke: "Basi nibaki na ya zamani, mheshimiwa, nisije nikakosa yote.")

Ubaki? Siku ya uzinduzi? Hapana, hapana! Atakayebaki leo atanitia aibu mimi na wapiga picha hawa. Sikiliza, mama, kwa mamlaka niliyonayo, na hata nisiyonayo, ninakufungulia dirisha na kuufuta muda wako wa kusubiri hapa hapa mbele ya umma! (Vigelegele. Ngoma.) Meza ya pili, mmesikia? (Kijana wa meza ya pili anaitikia kwa kichwa.) Na kwa kuwa utepe wetu umekwama njiani, mama Mwanaisha ndiye atakayetuzindulia, kwa kuikata kadi yake ya zamani. Leteni mkasi. (Sauti ya mwanamume: "Mwanaisha, ngoja kwanza!") Nani huyo? Muhsin, mume wake? Bwana Muhsin, tulia. Mke wako akijifungua hospitali yenye feni utakuja kunishukuru. Mama, tazama huku kwenye kamera. Tabasamu kidogo. Kata! (Anakata. Makofi ya muda mrefu, wengine wanasimama.)

Hii sasa ndiyo historia! Nikisema potabiliti, ninyi semeni hama! Potabiliti! (Hama!) Soko huria! (Hama!) Handeni hoyee! (Hoyee!) Korogwe hoyee! (Hoyee!) Afya yangu! (Chaguo langu!)

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hatashukuru. Nawashukuru waliotuazima viti, maturubai na spika. Nazishukuru kwa namna ya pekee kampuni za bima, ambazo tuliziandikia barua na ambazo zilitujibu kwa adabu kubwa kuwa wilaya zetu kwa sasa hazina mvuto wa kibiashara, jibu ambalo sisi tumelipokea kama mwanzo wa mazungumzo. Na shukrani zisizo na kifani ziwaendee vijana wetu wa kikundi cha maigizo, Frank, Pendo na Isaka, kwa kukaa kwenye meza hizi tangu asubuhi juani wakiwa wamevaa fulana za kampuni na kujibu maswali kwa ufasaha mkubwa. Wapigieni makofi! (Watu wanazigeukia meza tatu.) Jamani, wapigieni, wamejitolea! Pa kuhamia patazinduliwa katika awamu ya pili, bajeti ikiruhusu. Leo tumezindua kuhama. (Vurugu. Mwanamke: "Mheshimiwa, na kadi yangu?")

Mama Mwanaisha, simama wima, mbona unainama na hali yako hiyo? Viache hivyo vipande, wafagiaji watavitoa. Asanteni kwa kunisikiliza.