Mfarishi wa Nasiha na Gundi ya Makochi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimechaguliwa! Ijumaa mpwa wangu Nasiha anaolewa na mwalimu Idris, na Jumamosi wanahamia Werugha, kwenye ukungu na baridi ya kukata masikio. Kwetu biharusi haendi kwa mumewe bila mfarishi: leso za wanawake wa ukoo juu, pamba katikati, shuka chini, vyote vishonwe pamoja. Mama yangu, Bi Mwanabibi, ndiye aliyewashonea mabiharusi wetu wote. Sasa macho yake hayaoni uzi. Kazi imenifikia mimi, Mahmud, fundi wa kwanza Voi nzima. Wa pili simjui.

Kanikabidhi leso tisa. Moja ni ya marehemu bibi, mama yake yeye, aliyojifunga mpaka siku zake za mwisho. Nyingine kama hiyo haipo duniani. Kasema niite wanawake wapige bandi kwanza, mishono mirefu ya kushikiza, kwa mkono, siku mbili, ndipo nitie cherehani. Nimeitikia. Bandi! Zama hizi! Phineas, fundi wa makochi, ana gundi ya kupuliza. Anasema ikishika sponji haibanduki hata kochi life. Hiyo ndiyo ninayoitaka.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nimeunganisha leso, ya bibi katikati. Safi kabisa. Kisha nimepuliza gundi, nikianzia pembeni. Harufu! Paka kahama. Kopo limeisha kabla sijafika kwenye leso ya bibi, basi hiyo nimeishikiza kwa pini. Hasara moja ndogo: nilitandaza kazi juu ya mkeka wa mama, na mkeka umegandia kwenye kazi. Nimekata ukingo kidogo. Hataona.

Cherehani sasa. Mishono kumi, imeruka. Mishono mitano, uzi umekatika. Nikapindua: chini uzi umejikusanya kama tambi. Nimelaumu uzi, nimebadilisha. Nimekaza wa juu. Nimelegeza. Nimebadilisha bobini ya uzi wa chini. Nimevunja sindano nne. Nikapaka ya tano mafuta ya nazi. Sasa inaruka na inanukia maandazi. Nimefikia uamuzi: cherehani hii ina husuda.

Jumatano, 6 Agosti

Gertrude kasikia. Huyu ni fundi wa mlango wa pili, mzaliwa wa Werugha, hushonea mifarishi watu wa milimani na hujiona. Kati yetu ni bati tu. Kasimama mlangoni kwangu, bila kuulizwa, akasema sindano imekula gundi, anaijua kwa sauti. Nimemjibu kwa heshima kwamba ule ni mshono wa kisasa.

Mchana nikatumia akili. Nimekwenda kwake kumwulizia rafiki yangu wa Njukini mwenye shida hiyohiyo. Kasema nimwambie rafiki kwamba gundi ya makochi si ya nguo. Atafute ya kitambaa, apulize kama anayetia chumvi, si kama anayeua kunguni, na aiache ikauke. Sindano iwe nene, aifute kwa spiriti kila bobini inapoisha. Na anapotunga uzi, mguu wa cherehani, ule unaokandamiza nguo, uwe juu, la sivyo uzi haushikwi sawasawa. Kisha akauliza kama rafiki wa Njukini naye amenaswa na kipande cha mkeka kwenye suruali. Nimeondoka kinyumenyume.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefuata nusu ya ushauri: spiriti, sindano nene, mguu juu. Inashona! Hairuki! Nimejipongeza kwa chai mbili.

Saa nne mama kaja. Kaupapasa mfarishi. Mgumu kama ubao. Vidole vikafika kwenye ukindu wa mkeka wake, vikasimama, vikaendelea. Akauliza leso ya mama yake iko wapi. Nikauongoza mkono wake hadi katikati. Ilikuwa laini vilevile. Akaishika muda mrefu. Akasema kama ingeharibika, asingenilaumu mimi, angejilaumu yeye kwa kuniamini. Afadhali angenipiga. Nimeona haya sana, na haya hiyo naiandika hapa tu.

Gertrude kaingia na mkasi, nyuma yake wanawake wanne. Wakafumua. Leso nane zimeharibika, hata maji ya moto hayakusaidia. Dada zangu wakatoa nyingine kabatini, ya bibi ikarudi katikati, wakakaa chini kupiga bandi mpaka magharibi. Mimi nikapewa kazi ya kutunga sindano. Nimetunga arobaini. Hakuna aliyetunga haraka kuliko mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Gertrude kamaliza mfarishi asubuhi kwa cherehani yake. Nikaha imepita salama. Nasiha kajifunika mfarishi mabegani, jua la Voi likiwaka, akalia, akakataa kuuvua. Watu wakausifu sana. Nimesimama karibu ili sifa zisipotee njia. Mama akamtaja Gertrude mbele ya wote. Nimepiga makofi, polepole.

Lakini tuseme kweli. Leso ya bibi imeokoka kwa sababu kopo liliisha. Na nani alinunua kopo dogo? Mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Heshima imerudi! Mama yake Idris anataka mfarishi kama ule, na kaniletea mimi. Leso kumi, moja ya marehemu mama yake. Kanisihi niitunze. Mama yangu kasema niende anifundishe bandi. Nimesema nitapita.

Nimetafakari sana na nimepata jibu. Kosa halikuwa gundi. Kosa lilikuwa uchache wa gundi. Pembeni pagumu, katikati laini, ndiyo maana mama alitambua. Ungekuwa mgumu wote, angejuaje? Phineas kaniuzia ndoo, ya kupaka kwa brashi.

Gertrude yuko kanisani. Kaniachia ufunguo wa duka lake, anasema siku hizi nimekuwa mtu wa kuaminika. Nimefurahi mno. Leso zote kumi nimeshazipaka, zinakauka vizuri. Nimezitandaza juu ya meza yake, ni pana kuliko yangu.