Chumvi ya Doña Zoraida

Jumatatu, 3 Agosti

Leo naanza kuandika. Mara ya mwisho kushika kalamu ilikuwa fomu ya kitambulisho, na ile nayo nilijaziwa.

Sababu ni Señora Graciela, mwenye loji. Kaja asubuhi kwa boti kutoka mjini Puerto Maldonado, hata kahawa hajanywa, akatutangazia kwamba kuanzia mwezi huu loji itakuwa na mtaalamu mmoja tu wa viumbe wa kukaa hapa msituni. Mmoja. Sisi tuko wawili. Mimi, Herminio, miaka ishirini na sita kwenye msitu huu, na Fiorella, aliyekuja Machi na cheti cha chuo kikuu na mabuti mapya. Señora ataamua Jumamosi. Atawauliza wageni waliopo, Wadenmaki sita wa chama cha kutazama ndege, halafu atasoma madaftari yetu, maana kuanzia sasa mtaalamu lazima aandike kila siku alichoona.

Atakayeshindwa atarudi kwao. Kwangu mimi ni Puerto, kwa binti yangu, kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni. Jirani yake anafuga kuku. Hao ndio ndege nitakaowaona mpaka nife.

Siendi.

Doña Zoraida, mpishi wetu, kanipa daftari. Kurasa za mbele nitaandika wanyama, asome Señora. Za nyuma ni zangu. Nimebandika karatasi yenye jina langu kwenye jalada kwa wali uliopondwa, imekaa sawasawa. Majalada yote mawili ni ya bluu, kwa hiyo popote ni sawa.

Jumanne, 4 Agosti

Fiorella kapewa collpa, ule ukingo wa mto ambako kasuku wakubwa wekundu huja asubuhi kula udongo. Mimi nikapewa njia ya kijito. Kijito kina mbu.

Niliwapeleka Wadenmaki watatu kwenye shimo la buibui ninayemfahamu, mnene kama ngumi. Nikamchokonoa kwa unyasi. Hakutoka. Nikawaambia amelala. Nikachokonoa tena, akatoka mwingine nisiyemfahamu, kwenye shimo la jirani, akanipanda mkono. Nilisema neno baya, nashukuru hawajui Kihispania.

Kabla ya chakula ikasomwa orodha, kama kila jioni. Kila mtaalamu anasimama mezani anataja alichoona, wageni wanatia alama kwenye vitabu vyao. Fiorella alitaja aina hamsini na nane, kwa majina ya Kilatini. Mimi tisa. Birgit, bibi mwenye mvi anayewaongoza Wadenmaki, aliuliza kwa upole kama huyo wa tisa si mbwa wa loji. Nikamjibu nimemwona, sasa nifanyeje.

Zoraida alicheka jikoni mpaka akaweka mwiko chini. Akataka kujua kama na yeye yumo kwenye orodha, au angoje nimchokonoe kwa unyasi.

Cheka tu, mama. Kasuku wanafuata udongo kwa sababu una chumvi. Hilo nalijua tangu Fiorella hajazaliwa. Palipo na chumvi patakuwa na kasuku. Nitajenga collpa yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Agosti

Nimechukua chumvi jikoni, mfuko mzima wa kilo kumi. Zoraida alinikuta mlangoni akauliza naipeleka wapi. Nikasema naenda kuloweka miguu. Akauliza ninayo mingapi.

Nimechagua ukingo nyuma ya gati la zamani. Nikakanda udongo na chumvi kwenye karai, nikaupaka ukingoni kwa kafi, tabaka tatu, laini kama ukuta wa kanisa. Hatua nane mbele yake nikajenga kibanda cha kujificha, cha majani ya mnazi mwitu. Fiorella anawakalisha wageni mbali, wanahangaika na darubini. Kwangu watahesabu manyoya kwa macho makavu.

Alasiri upepo ukageuka, ukaja wa kusini. Friaje, ile baridi inayotuvamia ghafla. Loji nzima ikajifunika mablanketi. Supu ilikuwa haina chumvi. Wageni walitazamana. Zoraida alitazama miguu yangu.

Fiorella kaniletea kofia yake ya sufu. Alisema, "Vaa, don Herminio, masikio yamekuwa ya zambarau." Nimevaa. Sijamsamehe.

Alhamisi, 6 Agosti

Baridi bado. Kasuku hawapo popote, hata kwa Fiorella. Siku nzuri.

Nilikwenda kukagua ukuta wangu. Nusu haupo. Umelambwa. Chini kuna nyayo pana kama visahani. Nazijua nyayo hizo kuliko ninavyojua herufi. Sachavaca, yule ng'ombe wa msituni mwenye pua inayoning'inia kama mkonga uliokatwa. Enzi zangu za kuokota kokwa za mti wa castaña, mnyama huyo alikuwa kitoweo cha wiki mbili. Leo kumgusa ni marufuku, na naamini ameshaambiwa.

Nikapaka chumvi yote iliyobaki, nikajificha. Saa tisa akaja taratibu, kama mwenye nyumba. Nikapiga sufuria kwa panga. Akakimbia huku analia kile kisauti chao chembamba kama filimbi, aibu tupu kwa mwili ule. Saa kumi akarudi. Nikapiga tena.

Mezani Fiorella aliuliza nani anagonga vyombo upande wa gati. Nikasema ni kigogota. Akauliza ni kigogota gani anayegonga chuma. Nikamwambia ndiyo maana yeye ana miezi mitano na mimi nina miaka ishirini na sita. Birgit naye akasimulia habari ndefu kuhusu safari zake tatu za kumtafuta mnyama fulani asiyempata. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nafikiria ukuta.

Ijumaa, 7 Agosti

Jua limerudi. Nilisimama mezani asubuhi nikawaalika wote kwenye Collpa ya Herminio. Señora alikunja uso, akasema hajui collpa ya jina hilo. Nikamwambia ndiyo hivyo, msitu una mambo.

Tukajibana kibandani, watu tisa, magoti kwenye mbavu. Walikuja vipepeo wa njano. Ishirini, labda thelathini. Wadenmaki walipiga picha kwa adabu. Saa nzima ikapita, kasuku hata unyoya. Fiorella alikwenda ukutani, akaonja udongo kwa kidole, akarudi akinitazama. Hapo nikajua amejua.

Mara majani yakatikisika. Sachavaca, ni yule yule. Na leo kaja na mtoto, mwenye mistari na madoa meupe kama tikiti. Mama analamba, mtoto analamba, wote wawili wanamaliza ukuta wangu mbele ya Señora. Kibandani hakuna aliyehema. Nilijua kimya hicho ni cha aibu kwa ajili yangu.

Mimi si mtu wa kushindwa na ng'ombe. Nikatoka nje na sufuria, nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikawaambia watoke, wezi wakubwa. Wakajitupa mtoni, maji yakaruka mpaka kibandani, wakapotea.

Niligeuka kuwaomba radhi wageni. Birgit alikuwa analia. Nikampiga bega nikamwambia asijali, njia ni nyeupe, sasa kasuku watakuja. Mpiga picha wao alikuwa ameifunika kamera baada ya vipepeo, bado hajafungua kifuniko. Fiorella aliketi chini kwenye matope, mikono kichwani. Alisema, "Don Herminio, nimesoma miaka sita. Sijawahi kumwona mtoto wa sachavaca. Umemfukuza kwa sufuria."

Nikamwambia na ile sufuria ilikuwa nzito.

Kwenye kurasa za mbele leo nimeandika vipepeo.

Jumamosi, 8 Agosti

Tulikabidhi madaftari baada ya uji wa ndizi. La Fiorella lina michoro ya rangi. Señora alichukua langu, akalishika upande wenye karatasi ya jina, akafungua.

Alianzia nyuma.

Nilimwona akisoma. Alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akamwita Zoraida. Zoraida akasoma kwa sauti ile sehemu ya miguu, akaniambia kwamba kwa kilo kumi ningeloweka miguu ya kijiji kizima, na kwamba leo supu yangu nitaipata bila chumvi, na kesho, na Jumatatu.

Kisha Señora akatoa hukumu. Kuweka chumvi msituni ni marufuku kabisa, nikauoshe ukingo leo leo. Mtaalamu wa loji ni Fiorella. Mimi nikachukue nguo zangu, boti inaondoka saa nane.

Nilikunja blanketi. Niliona kile kiti cha plastiki kabisa, na rangi yake.

Aliyenifuata chumbani ni Fiorella. Alikuwa amezisoma kurasa zangu za nyuma, akataka kujua nimewezaje kutambua, kwa nyayo tu, kwamba aliyerudi ni yule yule. Nikamweleza: ukucha wa nje wa mguu wa kulia umevunjika. Mtoto angeweza kuona. Akakimbia kwa Señora na mabuti yake. Sijui walisema nini, niliambulia maneno mawili, macho na mzee. Birgit naye alikuwa ameandika kwenye kitabu cha wageni kwamba alichokitafuta safari tatu alikiona kwa dakika moja, hatua nane, kwa msaada wa bwana mwenye sufuria. Zoraida ndiye aliyenisomea. Kwa hiyo alikuwa analilia sachavaca. Watu wa ndege, wanalilia nyama.

Basi nabaki. Mfuatiliaji wa nyayo, chini ya Fiorella. Masharti mawili. Nisiguse chumvi, na kila Jumamosi nimpe Señora daftari hili asome.

Kwa maneno mengine, nimeshinda.

Nimeshaosha ukingo. Ni safi, unangoja. Señora alitaja chumvi. Ndizi mbivu hakuzitaja, wala papai, na kasuku gani anakataa papai. Fiorella atakapoona kasuku mia kwa mpigo, yeye mwenyewe atanivulia kofia, ingawa kofia ninayo mimi.

Kuhusu siri, tatizo nimelitatua. Nimebandua karatasi ya jina, nimeibandika upande wa mbele kwa wali mpya. Huku nyuma hafiki tena.

Jumatatu naanza. Nimemwomba Zoraida sufuria kubwa zaidi, maana yule mama na mwanawe lazima watarudi.