Kompyuta Inayopima Kichwa cha Shemeji Nayo Ipimwe

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Salamu nyingi na pole kwa kazi. Mimi nimeendesha malori nchi sita, na shule niliiacha mimi, yenyewe haikuniacha. Kwa hiyo nikilalamika, nalalamika kwa uzoefu.

Mume wa dada yangu, fundi wa mapaa tunayemwita Msumari, alianguka kutoka juu ya bati akaumia ubongo. Daktari wenu aliingiza habari zake kwenye kompyuta, nayo ikatabiri kwamba nafasi yake ya kupona vizuri ni asilimia ishirini. Kesho mnakaa kikao kuamua kama aendelee kulala chumba cha mahututi. Dada kaniuliza, "Kaka, hiyo ishirini ni nyingi?" Nikamwambia inategemea uko sokoni au hospitalini. Basi nalalamika:

1. Kompyuta iliuliza umri, mboni za macho, na kama mgonjwa anaitika akifinywa. Haikuuliza ubishi! Msumari anabishana na mama mkwe wake tangu siku ya posa na bado anapakuliwa chakula. Mtu huyo atashindwa na bati?

2. Nilimuuliza daktari ilisomea wapi. Akasema kwa wagonjwa wa ng'ambo, wa zamani. Je, imeshajaribiwa kwa vichwa vya hapa? Akakohoa. Mheshimiwa, hata suruali tunaijaribu kabla ya kutoka nayo dukani.

3. Wale wote iliowapa ishirini, walipona wangapi? Kama hakuna anayehesabu, hiyo si kompyuta, ni mpiga ramli mwenye waya.

4. Kwa hiyo iletwe kwenye ukoo wetu ifanye mtihani. Vichwa tunavyo vya kila aina: mjomba aliyeangukiwa na kabati, shangazi aliyepigwa teke na punda, na mimi niliyefungua mlango wa lori kwa paji la uso. Itabiri, sisi tufiche majibu. Ikifeli, irudie darasa. Ikifeli tena, kazi nipewe mimi, situmii umeme.

Mpaka hapo, kitanda cha Msumari kisiguswe. Dada yuko kwenye benchi la nje, amepakata viatu vya mumewe vya kurudia nyumbani.

Wasalimie madaktari, wauguzi, mlinzi wa getini, na hata kompyuta. Sina ugomvi nayo binafsi.

Wako katika kungoja,
Shemeji wa Msumari, dereva mstaafu.

Baada ya sahihi: Bahasha sijaifunga bado, daktari kammulika Msumari macho upya, mboni zimeitika, kompyuta imeulizwa tena na imesema sitini! Mheshimiwa, malalamiko yote nimeyafuta. Kompyuta hiyo ina akili nyingi mno, isijaribiwe na yeyote. Na anayetaka kuiuliza mara ya tatu, mimi nimekaa mlangoni.