Fundi Saa na Matairi Mawili ya Kona ya Mwoka Mikate

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, mlio na kazi na mnaojifanya mna kazi! Wekeni vikombe chini, zimeni redio, na mwenye kikohozi akikohoe sasa akimalize. Sitawasimulia wafalme waliovuka majangwa wala majemadari waliobomoa kuta, kwa kuwa hao wamekwisha kupata waandishi wao. Namsimulia Fundi Saa, Bwana wa Dakika, Mfufuaji wa Kengele Zilizokufa, na asubuhi ile tukufu alipotoka kwenda kuchagua matairi ya pikipiki yake ya mbio. Mimi ni kinyozi, na kiti changu kinatazamana na meza yake. Niliyaona mambo haya kwa macho yangu mwenyewe, yote mawili, na kwa umri wangu hilo si jambo la kupuuzwa.

Fahamuni kwanza chanzo cha vita. Fundi Saa aliitamani pikipiki ya mbio tangu ndevu zake za kwanza, akalea watoto watano na tamaa ile moyoni, na alipotimiza miaka sitini na sita akainunua: nyekundu, imeinama mbele kama jogoo anayetafuta ugomvi. Mkewe, Bi Nesi, ambaye mkono wake umewachoma sindano watu watatu kati ya wanne wa mtaa huu, akapanda nyuma yake bila kusita. Kila Jumapili alasiri wakavuka kilima kwenda kwa dada yake Bi Nesi, yeye amemkumbatia mumewe kiunoni, na mume amekaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Hata ikaja siku ya manyunyu. Penye kona ya mwoka mikate, tairi la nyuma, lililokuwa limekwisha kashata zote, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, likabaki kipara (nami navijua vipara), likateleza. Wakaanguka kwa mwendo wa kobe. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Lakini Bi Nesi akainuka, akakung'uta gauni, akavua helmeti akamkabidhi mumewe, akaenda zake nyumbani kwa miguu bila kugeuza shingo. Na mlangoni akatoa hukumu.

"Baba watoto, nimewafunga watu bandeji miaka thelathini na minane. Sitaki kufungwa mimi. Nitapanda chombo hicho siku nitakapoyaona matairi mapya kwa macho yangu, nikaridhika nayo, na nikaridhika na anayeyachagua. Kabla ya hapo usinipigie honi."

Miezi mitano ikapita, miezi ya ukiwa! Jumapili Bi Nesi alipanda kilima kwa miguu, na Fundi Saa akamfuata sambamba juu ya farasi wake wa chuma, amepunguza mwendo mpaka mguu mmoja unaburuza lami, injini ikinguruma kwa aibu.

"Tangulia tu," Bi Nesi humwambia. "Unanipulizia moshi."

Akatangulia. Nani asiyelia kwa habari kama hii?

Basi Jumanne moja, mawingu yakiwa yamejikunja juu ya paa, Fundi Saa alifunika meza yake, akavaa kwenye paji la uso ile lenzi yake ya kazi kama jicho la tatu, akasimama katikati ya barabara akanena kwa sauti kuu: "Leo ni leo! Ama nirudi na matairi, ama nirudi na pikipiki ya kuuza!"

"Sogea barabarani, Mzee!" akajibu mwendesha mkokoteni.

Bi Nesi akatoka na mkoba wake. Nami, ningebakije? Nikaweka wembe chini. Mteja wangu, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu, akauliza, "Kinyozi, na mimi?" Nikamwambia, "Historia haisubiri shavu." Akafuata na shuka shingoni. Hilo ndilo lililokuwa jeshi letu, Fundi Saa mbele akiikokota pikipiki, helmeti mbili zikining'inia kwenye usukani.

Duka la matairi lilikuwa la Mama Mipira, mwanamke mpana, mwenye kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye kilemba, aliyekuwa akiinua gurudumu kwa mkono mmoja na kunywa maji kwa mkono wa pili. Matairi yalisimama ukutani safu kwa safu, yakinuka mpira mpya, kama askari weusi wasio na vichwa.

"Karibuni," akasema, akilitazama kundi letu. "Nani amefiwa?"

"Hakuna aliyefiwa," akajibu Fundi Saa. "Nimekuja kuchagua. Nileteeni mabingwa wenu!"

Bingwa wa kwanza akatolewa. Lilikuwa tairi gumu, nene, lenye sura ya mtu asiyekopesheka. Mama Mipira akalipiga kofi. "Hili haliishi, Mzee. Hili litakuzika."

"Hatukuja kutafuta la kumzika," akasema Bi Nesi. "Tunatafuta la kumrudisha nyumbani. Hebu nione." Akalibonyeza kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akibonyeza miguu iliyovimba. Halikubonyea. "Gumu mno. Hili lami ikilowa litateleza juu yake kama sahani."

Bingwa wa pili akaingia, na hapo Fundi Saa akashika moyo. Lilikuwa tairi la mashindano: laini, jeusi tititi, halina kashata ila mikwaruzo miwili mitatu, kama uso wa kijana. "Likipata joto," Mama Mipira akanong'ona, "linanata barabarani kama gundi."

"Na joto linatoka wapi?" akauliza Bi Nesi.

"Mwendo, mama. Mwendo mkali."

Bi Nesi akamgeukia mumewe, akamtazama toka viatu hadi lenzi. "Huyu? Huyu husimama kuwapisha kuku."

"Kuku mmoja!" akalia shujaa. "Naye alikuwa na vifaranga!"

Mwenye povu akacheka hadi povu likamwingia puani. Tairi la mashindano likarudishwa ukutani, na Fundi Saa akalisindikiza kwa macho kama abiria aliyeachwa na treni.

Ndipo akaja wa tatu, ambaye mpira wake ni mgumu katikati, pale panapokimbia barabara iliyonyooka, na ni laini mabegani, pale pikipiki inapolala kwenye kona. Na mifereji yake ilikuwa ya kina, ya kutoa maji chini ya gurudumu. Bi Nesi akabonyeza katikati, akabonyeza bega, akaitikia kwa kichwa polepole. "Angalau duniani kuna kitu kimoja kinachojua wakati wa kukaza na wakati wa kulegea."

La mbele la aina hiyo lilikuwa moja tu, jipya, wala halikuwa na mjadala. Ya nyuma yalikuwa mawili. Moja liling'aa kwa mafuta hadi ungeweza kujinyolea ndani yake. La pili lilikuwa na vumbi na utando wa buibui. Mama Mipira akalisukuma linalong'aa.

Lakini ngoja! Hapo ndipo Bwana wa Dakika alipoonyesha kwa nini anaitwa hivyo. Akapiga goti moja, akaishusha lenzi jichoni, akaanza kulisoma tairi ubavuni kama mtu asomaye gazeti lote, hadi matangazo ya vifo. Akatambaa, akazunguka, akapumua kwa kishindo. Kisha akagusa tarakimu nne ndogo ndani ya kijumba cha duara.

"Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka!" akanguruma. "Tairi hili lilizaliwa miaka saba iliyopita! Ng'aa using'ae, mpira huo umekwisha kukauka moyo!"

Mama Mipira hakutetereka. "Hata wewe, Mzee, umekaa muda mrefu dukani, na hujaharibika."

"Ameharibika," akasema Bi Nesi, "ila risiti ilipotea."

Fundi Saa akaufuta utando wa buibui kwa leso yake mwenyewe. Tairi la vumbi lilikuwa la mwaka huu! Tukapiga makofi, Mama Mipira naye akapiga, maana alikuwa mtu wa michezo. Pikipiki ikainuliwa juu ya stendi, rimu zikavuliwa, matairi yakavalishwa, kompresa ikanguruma, upepo ukajazwa, magurudumu yakarudi mahali pake.

Na hapo, katika kilele cha utukufu, maafa.

Fundi Saa alikuwa amesimama kushoto kwa pikipiki. Akauona mshale uliochorwa ubavuni, unaoonyesha tairi lizunguke wapi. Akakunja uso. Akainua mkono. "Simamisheni kazi! Mshale unarudi nyuma! Miaka arobaini na mmoja natazama mishale ikizunguka, na haijapata mmoja kwenda huko! Yang'oeni!"

"Mzee, ndivyo linavyokaa."

"Unanifundisha mimi mshale?"

Mama Mipira akanitazama. Mimi nikatazama dari. Bi Nesi akamshika mumewe kiwiko, kama alivyokuwa akiwapeleka wagonjwa kwenye mizani, akamzungusha mpaka upande wa kulia. Akamwonyesha. Kutoka huku, mshale ulikwenda sawasawa na saa.

"Saa zako zinatazamwa mbele tu," akasema. "Gurudumu lina pande mbili." Kisha sauti yake ikashuka. "Na mtu asiyejua gurudumu linakwenda wapi, ndiye nikae mgongoni kwake?" Akachukua mkoba. Akaanza kuuendea mlango.

Hata kompresa ikazima. Eleweni, ndugu zangu: saa iliyopoteza dakika baada ya kutengenezwa na Fundi Saa, kosa lilikuwa la mvua, au la ukuta, au la jinsi mwenyewe anavyotembea. Kosa lake halijapata kuonekana na mwanadamu.

"Mama watoto," akasema. "Nimekosea."

Bi Nesi akasimama. "Rudia."

"Nimekosea. Nilisimama upande mmoja nikadhani nimeona yote. Hata ile siku ya mvua. Nilijua tairi limeisha, nikasema litafika."

"Kinyozi, umesikia?"

"Nimesikia, Bi Nesi."

"Na wewe mwenye povu?"

"Nimesikia, mama. Nusu ya uso ni shahidi."

"Basi nipeni helmeti."

Manyunyu yakaanza walipotoka. Mama Mipira akawapigia kelele toka mlangoni, "Taratibu, Mzee! Tairi jipya lina utelezi siku ya kwanza!" Naye akaenda taratibu, taratibu hata mimi na mteja wangu tukawafuata kwa miguu bila kuhema. Mwenye baiskeli ya mikate akawafikia, akamsalimu Bi Nesi, na Bi Nesi akamuulizia hali ya mama yake, mazungumzo marefu, kabla hajatangulia. Bi Nesi alikuwa ameshika chuma cha nyuma kwa mikono miwili.

Kona ikafika. Lami ilimetameta. Pikipiki ikalala kidogo, kama mtu anayesikiliza siri. Mifereji ikatema maji kushoto na kulia. Bega laini likaing'ang'ania barabara. Ikainuka upande wa pili, nzima.

"Zunguka tena," tukamsikia Bi Nesi akisema.

Akazunguka tena. Na tena. Mwoka mikate akatoka na unga mikononi kutazama. Safari ya nne, Bi Nesi akakiachia kile chuma cha nyuma, mkono wa kwanza, kisha wa pili, akamkumbatia mumewe kiunoni. Na Fundi Saa akakaa wima, wima kabisa, machozi au mvua ikimtiririka chini ya kioo cha helmeti.

"Sasa ongeza mwendo, Baba watoto," akasema Bi Nesi. "Leo hakuna kuku."

Basi ninyi mnaoandika tarehe za miji iliyotekwa na mito iliyovukwa, acheni mstari mmoja mtupu, muandike humo: siku ya Jumanne, mvua ikinyesha, kona ya mwoka mikate ilishindwa na watu wawili, mara kumi na moja.