Kisu cha Mkwe Wangu Kimekataa Kuharibika

Zachariah Ndegwa,
Riruta, Nairobi.
Agosti 2006.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Ushauri kwa Wanunuzi.

Ndugu Mhariri,

KUH: MAKALA YENU JUU YA VISU VYA KUKUNJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaofanya kazi pamoja. Mimi si mgomvi. Nina wapangaji wengi hapa Riruta na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipeleka kwa chifu. Lakini ukurasa wenu umenivurugia mambo ya nyumbani, na nimeona nikuandikie kabla hujamvurugia mzazi mwingine.

Mwezi wa nne mlichapisha makala ya kumsaidia mtu anayetaka kutoa zawadi ya kisu cha mfukoni kwa mwenzake ambaye hajawahi kuwa nacho. Mlisema kiwe cha bei nafuu na cha kudumu, kiwe na ubapa mmoja mfupi na mpini usioteleza, na kikifunguliwa kishikwe na komeo imara kisije kikamkunjikia mtu vidoleni. Niliyakata makala hayo kwa mkasi nikayahifadhi ndani ya Biblia.

Sababu ni hii. Binti yangu wa pekee, Nyokabi, ambaye ni muuguzi kule Upper Hill, alituletea kijana anayeitwa Quincy. Kwao ni Bungoma, na kazi yake ni mambo ya kompyuta katika ofisi moja ya katikati ya jiji. Ana adabu, siwezi kumsingizia. Lakini siku ya kwanza tulipomwekea mbavu za mbuzi na kisu, alikishika kile kisu kama mtu aliyeinua simu akitafuta mtandao. Ndugu yangu Muigai alicheka mpaka akatoka nje.

Sasa, Mhariri, kwetu ndoa haikamiliki kabla bwana harusi hajakata kiande, yaani bega la mbuzi, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Nikawaza kwamba kijana akishindwa, hakuna atakayenilaumu nikisema tungoje mwaka mmoja, au hata miwili, ili akomae. Nyokabi angebaki nyumbani, akiendelea kunipima presha jioni na kunigombeza kuhusu chumvi. Na ili isije ikasemwa kwamba sikumsaidia kijana, niliamua kumpa kisu cha kufanyia mazoezi, nikichague kwa kufuata ushauri wenu neno kwa neno.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Niliwaamini kuhusu dawa ya mende, mende wakanenepa. Niliwaamini kuhusu mbegu za sukumawiki, kikaota kitu ambacho mbuzi wa jirani walikinusa wakaenda zao. Sikuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba safari hii mngesema kweli.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlinizuia kununua kisu kibovu. Nikiwa River Road, mchuuzi mmoja alinionyesha kisu chenye uma, kijiko, msumeno na dira. "Mzee, na hii huwezi potea," aliniambia. Nilipokifungua, kijiko kikabaki mkononi mwangu. Hicho ndicho kilichonifaa! Lakini makala yenu yalionya kwamba vikorokoro vingi humchanganya anayeanza, na nilipokuwa bado nasitasita, askari wa jiji wakatokea, mchuuzi akatoweka na visu vyake vyote. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi nikahudumiwa na msichana aitwaye Jacklyne.

"Kisu ni ya nani, mzee?"

"Ni cha mtu anayeanza."

"Anaanza nini?"

"Kuoa."

Akatabasamu, akaenda nyuma, akarudi na kisu kidogo cha mpini wa mbao. Alipokifungua kililia ka! "Hii haitamwangusha," akasema. Nilivunjika moyo, Mhariri, lakini kila alichonionyesha kilikuwa sawasawa na mlivyoandika. Hata bei.

2. Kisu hakikumkata. Nilikuwa nimeweka tayari plasta, pamba na dawa ya vidonda. Sikumwombea kijana mabaya. Nilimwombea kidonda kidogo tu, cha kumkatisha tamaa. Lakini lile komeo mlilolisifu linashika kweli. Pakiti ya plasta haijafunguliwa mpaka leo.

3. Kisu hakiharibiki. Quincy alianza kuja kwetu kila Jumapili baada ya ibada ili afanye mazoezi. Alianzia kwenye viazi. Kiazi kikubwa kiliingia mikononi mwake kikatoka kikiwa kama gololi, lakini mke wangu Waithera akasema hakuna neno, atajua. Akajua. Akaendelea na kamba za kuanikia nguo, akapogoa ua wa michongoma, akakwangua rangi iliyokauka kwenye madirisha. Wiki moja alikisahau kisu kwetu, nami nikakisahau juu ya tangi la maji, kikanyeshewa mpaka Jumapili iliyofuata. Nasisitiza kwamba nilikisahau. Alipokiona alikifuta kwa shati, akakipaka tone la mafuta ya kupikia, kikang'aa kuliko kilivyotoka dukani. Je, huu ni uungwana wa chuma?

4. Anayeanza alikataa kubaki anayeanza. Nina mpangaji anayeitwa Nzioka. Miaka yote, sinki yake ikiziba, mlango anaogonga ni wangu. Mwezi uliopita nilikutana naye getini.

"Baba Nyokabi, Quincy atakuja Jumapili?"

"Una shida gani?"

"Sinki imeziba."

"Si mimi niko hapa?"

"Ni sawa, wacha tu nimngoje."

Mhariri, ploti ni yangu. Sinki ni yangu. Hata uchafu ulioziba humo, kisheria, nina sehemu yangu.

5. Hili ndilo kubwa. Siku ya kiande ilifika. Muigai alikuwa amechagua beberu aliyezeeka hata ndevu zikawa nyeupe, na kijana aliposimama mbele ya watu, akampa kisu kikubwa cha ukoo wetu, kile kilichokata mabega ya mbuzi tangu enzi za baba yetu. Quincy akakivuta mara moja tu. Mpini ukabaki mkononi, ubapa ukaanguka kwenye nyasi.

Mama yake Quincy, Bi. Nakhumicha, aliyesafiri kutoka Bungoma na kitenge kipya, alijifunika mdomo. Nikamtazama binti yangu. Hakuwa akimtazama Quincy. Alikuwa akinitazama mimi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kusema tungoje mwaka mmoja. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Nikasimama. Kabla sijafungua kinywa nikasikia ka! Quincy alikuwa ametoa kile kisu chenu. Akakiweka kwenye kiungo, halafu akasita, akanigeukia. Kijana huyu hakuwahi kuniita chochote isipokuwa "sir".

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "nishikie hapa. Mimi bado naanza."

Wazee waliguna, maana jambo hilo halijawahi kufanyika kwetu. Sijui miguu yangu ilipata ruhusa kwa nani, lakini nilijikuta nimepiga magoti kwenye nyasi na suti yangu ya kanisani, nimeushika mguu wa beberu kwa mikono miwili. Kisu kikapita kwenye kiungo kama kinapita kwenye mkate. Vigelegele vikapigwa pande zote mbili, na Muigai, bila haya, akapiga makofi.

Kuna picha, Mhariri. Katika picha hiyo nina machozi. Nimewaeleza wote kwamba ulikuwa ni moshi wa kuchomea nyama. Waithera ameitundika sebuleni, na kila mgeni anamweleza kwamba moshi ulikuwa unaelekea upande wa pili.

Kwa hiyo nadai mchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule, kwa herufi kubwa, mkieleza kwamba kisu cha mtu anayeanza kinapaswa kuteleza, kushika kutu na kulegea komeo kabla ya mwezi kwisha. Nadai pia muishinikize serikali ikague visu vyote bandarini Mombasa, na kila kitakachoonekana kudumu kizuiliwe hadi baba wa msichana atie sahihi. Ikiwezekana, mashine za kupima presha nazo ziongezwe sauti, ili mzee anayejipima mwenyewe asikie kitu kikizungumza naye.

Nisalimie mpiga chapa, mchora katuni, wanaouza magazeti yenu asubuhi na yeyote aliyeandika makala yale, ambaye namtakia afya njema na kazi nyingine. Waithera anawasalimu. Muigai pia anawasalimu, anauliza kisu kama hicho kinauzwa wapi; msimjibu.

Ni mimi, kwa heshima na masikitiko,

Zachariah Ndegwa

N.B. Ndugu Mhariri, tafadhali usiichapishe barua hii kwanza. Nimesikia leo kwamba Nyokabi na mume wake wanatafuta nyumba ya kupanga, na kuna mtu amewaonyesha moja Rongai, mbali huko. Ile nyumba yangu ya mbele, inayotazama mlango wetu, imebaki wazi, na wote waliokuja kuiulizia nimewaambia ina mtu. Nimeipaka rangi. Mlango wake unakwama kidogo chini. Ningeweza kuurekebisha mwenyewe, lakini nimeuacha umngoje Quincy.