Wilibaro ya Ujirani Mwema

Jumatatu, 9 Oktoba 1989

Mkutano ukumbini, hapa Kaloleni. Mwalimu Agneta, anayeongoza kamati ya ujirani wa dini, ametangaza shindano. Wakristo tutaulizwa maswali ya Uislamu, Waislamu maswali ya Ukristo. Kila mtu afundishwe na jirani yake. Zawadi: wilibaro mpya, tairi la mpira. Nimeishika mikono yake. Ni yangu.

Shida ni moja. Jirani yangu ni Hassan Wabwire, fundi cherehani, ambaye kuku wake wamemaliza sukuma wiki yangu mara tatu. Yeye atanifundisha, nami nitamfundisha. Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na moja huu. Nitamfundisha, ndiyo. Lakini kwa njia yangu.

Jumanne, 10 Oktoba

Wabwire kaja na daftari na penseli iliyochongwa vizuri. Nikamwambia wanafunzi wa Yesu walikuwa kumi na wanne. Akaandika. Mvua ya Nuhu, siku ishirini. Akaandika. Yona alimezwa na mbuta wa ziwani. Hapo penseli ikasita. Akasema hata kwenye Kurani Nabii Yunus yumo, na samaki yumo, ila hajasikia kwamba alikuwa mbuta. Nikamuuliza kama anamjua samaki mwingine wa kumtosha mtu mzima. Akafikiri. Akaandika.

Kisha zamu yake. Nguzo tano, rakaa za kila sala, mwezi wa kufunga. Alirudia polepole mpaka nikashika. Mandazi alileta mwenyewe. Mtu hana shaka hata kidogo. Nikala manne.

Alhamisi, 12 Oktoba

Milka, mke wangu, kauliza kwa nini nanyoa ndevu huku nikisema “ishirini, ishirini”. Nikamweleza ukweli: nafanya mazoezi nisije nikajipinga mbele ya Wabwire. Akasema mzee wa kanisa anayedanganya juu ya Biblia atapigwa na radi. Nikamwonyesha mbingu, hakuna wingu.

Saa kumi jioni radi ilipiga nguzo ya stima pale njiani. Nguzo. Si mimi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ukumbi umejaa. Mchungaji na imamu mstari wa mbele, bega kwa bega. Nimeulizwa maswali kumi, nimejibu kumi. Imamu mwenyewe alipiga makofi. Wabwire naye alifurahi kuliko wote, sijui kwa nini.

Zamu yake. Wanafunzi wa Yesu ni wangapi? Nikaegemea kiti. Akasema kumi na wawili, akawataja mmoja mmoja mpaka Yuda. Yona? Samaki mkubwa. Kumi kwa kumi. Nikamtazama Milka. Milka alikuwa anatazama dari.

Tumefungana. Mwalimu Agneta akasema kila mmoja aulizwe swali moja la dini yake mwenyewe. Wabwire: rakaa za Magharibi. Tatu. Kisha Mwalimu akanigeukia.

“Mzee Ogola, mvua ya Nuhu ilinyesha siku ngapi?”

Mdomo ulitangulia. “Ishirini.”

Mchungaji akakohoa. Nikaeleza kwamba mimi nahesabu mchana tu. Mchungaji akasema hata mchana ulikuwa arobaini.

Nyumbani Milka kakiri. Tangu Alhamisi, wakianika nguo, amekuwa akimsomea Wabwire Biblia juu ya ua. Amesema aliona aibu kwa niaba ya kanisa. Nimemwambia huo ni usaliti. Amesema niongeze mboga kama bado nina njaa.

Jumapili, 15 Oktoba

Mchungaji kasoma Mwanzo sura ya saba akinitazama. Nami nikamtazama. Sikuinamisha kichwa. Adhabu aliyonipa: sitasoma somo mpaka Krismasi, na kila Jumatano nikae darasa la wanaojiandaa kubatizwa. Nitakwenda. Nitakaa benchi la nyuma, na kofia yangu.

Alasiri Wabwire kabisha hodi. Nilijua amekuja kunicheka. Akaniuliza kama mandazi yalinipendeza, maana mkewe amekaanga mengine. Halafu akasema, “Ndugu Zadock, kama si wewe kujibu vizuri vile, watu wangesema sijui kufundisha. Wilibaro iko pale ukutani. Ukiihitaji, chukua tu.”

Kuhusu kumi na wanne hakusema neno. Nikala andazi upesi, nisije nikamshukuru.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeichukua, nipeleke mahindi yasagwe kwenye posho mill. Inakwenda yenyewe, kama mtumbwi majini. Njiani Mama Dorca anayeuza samaki wa omena kanipongeza kwa ushindi. Bwana Wepukhulu kinyozi kanipa mkono. Hata mlinzi wa posho mill kasema alisikia. Sikumsahihisha mtu. Kumsahihisha mtu mzima hadharani si ujirani mwema.

Wabwire anaitaka kesho asubuhi. Ataipata. Lakini kwanza nimenunua rangi nyeupe, nimeandika ubavuni herufi mbili kubwa: Z.O. Akiuliza, nitamwambia ni Zawadi ya Oktoba.