Pweza Mkuu wa Chirau

Chirau wa Mkongani alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila lake la kushoto lilikuwa limefunzwa kusikia shida za wenzake. Jumatatu hiyo, katika ukumbi wa michezo wa Lewis pale Ukunda, sikio hilo lilimsikia mwanamke mtu mzima akisema:

"Nina Chui wa Dhahabu. Namtafuta mwenye Pweza Mkuu tubadilishane."

Chirau aliacha soda yake katikati ya fundo.

Asiyeujua mchezo huu na aelezwe, maana kutojua si aibu. Aibu ni kutouliza. Kadi zake huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na hujui umepata nini mpaka ufungue. Kila kadi ina mnyama wake na nguvu zake. Mchezaji hukusanya kadi thelathini akafanya fungu la kuchezea. Ukitaka, utachanganya simba, kunguru na kamba, na utapigwa kama wanavyopigwa wengine. Lakini ukikusanya thelathini za asili moja, zote za msituni au zote za baharini, zikiongozwa na mkuu wao, nguvu za fungu zima huwa maradufu. Mkuu wa bahari ni Pweza Mkuu, na kumpata ndani ya pakiti ni kama kuokota lulu kwenye bakuli la maharagwe.

Mwanamke yule alikuwa Bi Mwanafatuma wa Kibuyuni, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani. Mchezo alijifunza akiwa na miaka hamsini na tisa, baada ya kuchoka kuwatazama wajukuu wakicheza vibaya. Kadi ishirini na tisa za bahari alikuwa nazo tayari. Jumamosi palikuwa na mashindano hapo ukumbini, na zawadi ilikuwa mashine mpya ya boti. Kikundi chake kilisukuma dau la mwani kwa pondo, na mwaka huo mvua ilikuwa imewakuta njiani mara mbili. Mwani uliooza haununuliwi hata na mpumbavu.

"Mbona unamtoa Chui, mama?" Lewis alimuuliza. "Hiyo ni kadi noma sana."

"Chui baharini atafanya nini, mwanangu? Atafua?"

Sasa, Chirau alimjua mgeni mmoja wa hoteli kule Diani aliyekuwa akijenga fungu la msitu, na ambaye kwa wiki tatu alikuwa akiulizia Chui wa Dhahabu kama mtu anayeulizia ndugu aliyepotea. Kilichopungua ni Pweza. Naye Pweza alikuwepo, mmoja tu, ndani ya kabati la kioo la Lewis.

"Siuzi na sibadilishi," alisema Lewis, mama yule alipokwisha kuondoka. "Hiyo ni ya kuvuta macustomer, buda."

"Nani amesema kununua? Niazime siku mbili nikaipige picha nzuri ya kutangaza mashindano yako."

"Utaniachia nini?"

"Pikipiki yangu."

"Sawa. Ikae hapa, funguo baki nazo. Kadi ikipotea, nduthi ni yangu. Sitaki story."

Mjue kwamba pikipiki ile ilikuwa ndiyo miguu ya Chirau, na kazi kama yake humtaka mtu awe na miguu ya haraka. Lakini alikwisha kupiga hesabu: atamwonyesha mama Pweza wa kweli, atampa wa bandia, na wa kweli atarudi kabatini akiwa mzima.

Kazi ya bandia alipewa kijana mmoja mwenye duka la kuchapisha, mtu wa bara kama Chirau. Picha ya kadi ilikuwa inang'aa na mashine ikakataa kuinakili, basi kijana akaichora upya kwa mkono, dhahabu na yote. Chirau akailoweka kidogo katika chai ya tangawizi na kuianika, ipate uzee. Akaziweka mbili pamoja, akazitazama, akatabasamu. Mtu wa bara akimtazama pweza huona vitu vingi vilivyojikunja, na huridhika.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, alibisha hodi Kibuyuni. Alivaa kitambulisho cha semina fulani ya ufugaji wa nyuki, amekigeuza nyuma mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

"Naitwa Chirau. Ni wakala wa kadi adimu, kanda nzima ya Pwani." Akafungua bahasha ya kaki kama anayefungua hati ya ndoa. "Mtazame mwenyewe. Tazama mikia yake ilivyojikunja!"

"Minyiri, mwanangu."

"Ndiyo, minyiri. Kwetu Mkongani tunasema mikia."

"Mkongani mna pweza?"

"Hatuna."

"Basi mnamsemaje?"

Muhsina, mdogo wake Bi Mwanafatuma, aliyekuwa akikuna nazi kando, alipaliwa na mate.

Bi Mwanafatuma aliishika kadi, midomo ikimcheza taratibu. Chirau alidhani anasoma dua, akainamisha kichwa kwa heshima. Kumbe mama alikuwa akihesabu. Alifika nane, akamrudishia.

"Ni yeye. Lakini mgeni hafanyi biashara na njaa. Kula kwanza."

Chakula kilikuwa wali na pweza wa nazi, aliyekolezwa tangawizi. Chirau alimla kama aliyetoka kifungoni. Hata hivyo mkono wa kushoto haukupumzika: mchuzi ulipokuwa unaongezwa, bahasha ya kweli iliingia mkobani na nyingine, ya kaki vilevile, ikatoka. Ilikuwa kazi safi. Kama wizi ungekuwa na cheti, hapo angepewa cha juu.

Aliponawa, aliikabidhi bahasha. Bi Mwanafatuma aliifungua, akahesabu tena. Safari hii aliishia saba.

Mwingine angepiga kelele. Yeye aliirudisha kadi ndani ya bahasha, akaiweka juu ya mkeka, akamlaza Chui wa Dhahabu ubavuni pake.

"Nikaswali adhuhuri kwanza. Tutapeana mikono nikirudi."

Chirau alibaki peke yake na Chui. Angeweza kumchukua akakimbia, lakini pikipiki ilikuwa Ukunda, njia ilikuwa mchanga mtupu, na kwenye vichanja vya kuanikia mwani walikuwepo akina mama kumi wenye mikono iliyozoea kuvuta kamba. Akaamua kuwa mwaminifu kwa robo saa.

Ndipo sikio lake la kushoto lilipopata kazi. Nyuma ya ukuta wa makuti maji yalikuwa yakimiminwa kwa ajili ya udhu, na Bi Mwanafatuma alikuwa akinong'ona kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona.

"Muhsina, na itakuwaje ikiwa maskini huyu amechanganya bahasha zake?"

"Bahasha gani, dada?"

"Kwani hukuona? Ile iliyo mkobani na hii ya mkekani ni sawasawa. Mtu akila pweza mtamu, akili humtoka."

"Basi tumwambie?"

"Mimi nimwambie nini? Riziki haikataliwi."

Chirau aliuvuta mkoba. Kama aliyemtoa ni Pweza wa Lewis, basi pikipiki imekwenda! Alizichomoa kadi zote mbili, akazitazama. Zote zilikuwa na mikia mingi. Akainusa ya kwanza: tangawizi. Akainusa ya pili: tangawizi. Akanusa vidole vyake: tangawizi na nazi. Akajaribu kukumbuka mkono ulivyokwenda, na kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyoona kuwa ulikwenda vibaya. Nyuma ya ukuta maji yalinyamaza. Chirau akazibadilisha, upesi upesi, akakaa kitako akihema kama aliyeokoa mtoto kisimani.

Mama aliporudi alifungua bahasha mara ya tatu. Midomo ikacheza. Akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Chukua Chui wako, mwanangu. Allah akulipe kwa uaminifu wako."

"Amina," alisema Chirau, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefanya biashara ya halali bila kujua.

Jioni hiyo Lewis aliitoa kadi kwenye bahasha, akaigeuza, kisha akaisogeza puani.

"Buda, hii inanuka chai."

"Chai?"

"Chai ya tangawizi. Kwani Pweza wangu alienda hoteli? Sina haja ya maneno. Leta funguo."

Chirau aliongea kwa nusu saa, na kwa kweli aliongea vizuri, akataja unyevu wa bahari, akataja wachapishaji wa ng'ambo. Lewis alinyoosha tu kiganja. Mwishowe kilichotua juu yake hakikuwa funguo. Kilikuwa Chui wa Dhahabu. Lewis alimnusa mbele na nyuma.

"Huyu hajanywa kitu," alisema, akamfungia kabatini.

Jumamosi fungu la bahari liliwapiga watu wote. Bi Mwanafatuma alimwachia Pweza Mkuu mwishoni, na vijana wa mjini wenye kofia za kugeuza waliondoka mezani mmoja mmoja wakimwamkia. Mashine ya boti ilibebwa na akina mama wanne huku wakipiga vigelegele. Muhsina alimsikia dada yake akimwambia mmoja wao, "Sikumdanganya. Nilimuuliza Muhsina swali tu, tena nyumbani kwangu."

Chirau alikuwa ameegemea pikipiki yake nje, na ndani ya mfuko wa shati alikuwa na kadi moja isiyotakiwa na mtu. Muhsina alimjia na bakuli lililofunikwa kawa.

"Dada amekuletea chakula. Anasema usilale na njaa."

Chirau akafunua. Ndani alikuwemo pweza mzima, hakukatwa.

"Na anasema uhesabu kwanza."

Chirau alihesabu kwa kidole. Alipofika nane alianza upya kutoka upande wa pili, maana mtu mjanja haamini hesabu ya mara moja. Pweza alibaki na nane. Akaitoa kadi mfukoni, akaiinua kwenye mwanga, akahesabu polepole, mnyiri baada ya mnyiri.

Muhsina alisubiri amalize.

"Eti," akauliza, "tangawizi imekolea?"